Nguva Waliosogezwa Kaskazini

Zahanati, 3 Machi

Dada Profesa,

Shikamoo. Kabla hujaanza kulalamika kwamba nimekuhama, jua kuwa huku hakuna mtandao. Mnara wa simu upo, mrefu, umepakwa nyekundu na nyeupe, ila betri zake ziliibwa kabla sijahamishiwa hapa, na tangu hapo kazi yake ni kukaliwa na ndege. Tumerudi zama za bahasha. Boti ya mizigo inapita mara moja kwa wiki, inashusha unga, mafuta ya taa na barua, halafu inaendelea kuzunguka visiwa vingine kabla ya kurudi mjini. Ukitaka kunigombeza, gombeza kwa maandishi.

Zahanati ina vyumba vitatu: cha wagonjwa, cha dawa na changu. Ukuta kati yangu na dawa haufiki juu, kwa hiyo nalala nikinusa spiriti na naamka nimekwisha safishwa. Dirisha langu linatazama ghuba. Maji yake ni ya tope, hayana samaki wa kujisifia, na watu wa hapa wanaishi kwa mashamba zaidi kuliko bahari. Wamenipokea vizuri. Wananiita Dokta, nami sijakanusha.

Kuna jambo moja tu. Jumanne imeingia boti ngeni. Ya kijivu, jina lake limefunikwa na turubai. Wamo wanne, mmoja ni mwanamke mwenye miwani ya kamba. Wametia nanga katikati ya ghuba na wamekaa. Hawaulizi bei ya samaki, hawaulizi njia, hawaulizi hata maji ya kunywa. Nimewapungia mkono, wakanipungia, wakageuza mgongo. Sijapenda.

Nisalimie Mama. Muulize kama ameshakubali kumeza hata kidonge kimoja, au bado anaona aibu kuwa mzima wakati ana mtoto muuguzi.

Mdogo wako,
Dokta wa Vidonge

*

Maabara, 9 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mama ni mzima kama chuma. Yuko kwa Mjomba bado, na juzi amemfukuza fundi bomba kwa kosa la kumwita bibi. Kidonge hajameza. Anasema vidonge ni vya watu wasio na kazi.

Nina habari, kaa chini. Nguva wangu wamekubaliwa! Jarida limechapisha utafiti wote. Kumi na mmoja, Dokta, wawili kati yao ni watoto, kwenye pwani ambayo kila kitabu kinasema waliisha. Unajua kwa nini nina haraka. Ile kampuni inataka kuchimba mchanga palepale wanapokula majani ya bahari, na kamati inakaa mwisho wa Aprili kuamua: iwe hifadhi au iwe shimo. Kamati haitanisikiliza mimi peke yangu. Inataka watafiti wengine waione data yangu, waipime, waseme ni kweli. Kwa hiyo nimeiweka mtandaoni, wazi, mtu yeyote duniani aichukue. Ndiyo taratibu ya kazi yetu siku hizi.

Naona unakunja uso. Unamkumbuka mwenzangu wa kasa? Aliweka wazi ramani ya viota vyake, kwa nia njema kabisa. Tulipokwenda msimu uliofuata tulikuta mashimo matupu na chupa za bia. Alilia mbele ya wanafunzi. Sitaki yanikute hayo. Wenzangu huwa wanafifisha: wanachora mraba mkubwa, wanasema wanyama wako humo ndani mahali fulani, na wanaandika waziwazi kwamba wamefifisha. Mimi nikajiuliza, mraba si ndio kumwambia jangili atafute humo? Nikafanya langu. Nimewasogeza nguva wote kaskazini, mwendo mmoja, umbo lao likabaki lilelile, hesabu zote zinakubali. Ila wanaonekana mahali ambapo hawapo. Sijamwambia mtu, hata mkuu wangu. Najua si utaratibu. Lakini nalala.

Na nilikuwa na haki ya kuogopa. Kuna mwanamke kutoka nchi nyingine ameniandikia barua pepe mara mbili, anajiita mtafiti mwenzangu, anataka nithibitishe namba za mahali. Nimezifuta zote mbili. Jangili naye anajua kuandika barua pepe.

Boti yako iache. Watakuwa watu wa mafuta au wa kebo. Ulikuwa hivyohivyo utotoni, paka akiruka batini wewe unasema jambazi.

Dada yako,
Profesa (bado, lakini karibu)

*

Zahanati, 17 Machi

Dada,

Shikamoo. Safari hii si paka.

Bado wako hapa. Wanateremsha masanduku ya chuma majini jioni, wanayapandisha alfajiri. Masanduku yenyewe yana macho ya kioo. Wana droni, na jana niliyatundika mashuka ya wodi kwenye kamba nikasikia mlio juu ya kichwa, nikainua uso, kumbe inanitazama. Ilikaa hapo hapo. Nikashika shuka kwa mikono miwili kama mtu aliyekutwa bafuni. Unaweza kucheka. Mimi sikucheka.

Watu wameanza kuogopa. Akina mama wajawazito wawili waliokuwa waje kupimwa hawakuja, waume zao wamewakataza kupita ufukweni. Watoto wanafungiwa ndani. Mzee mmoja aliwauliza wale wageni wanatafuta nini, wakamjibu, "Tunapima maji tu." Nani anapima maji wiki mbili?

Halafu Ijumaa mmoja wao amekuja kwangu na kiganja kimechanika kwa waya. Nimemshona nyuzi sita. Mtu mpole, ana harufu ya dizeli, anazungumza Kiswahili cha kujifunza darasani. Nilipokuwa nafunga bendeji akaanza: wewe si mwenyeji wa hapa, eti? Umekaa muda gani? Una ndugu pwani nyingine? Wanafanya kazi gani? Nikamwambia sina ndugu. Nisamehe, nimekufuta duniani kwa dakika kumi.

Alipoinama kuvaa kiatu, karatasi ikachungulia mfukoni mwa koti lake. Ilikuwa ramani ya ghuba yetu, Dada. Nimeitambua kwa ile ncha ya mawe iliyo mbele ya dirisha langu. Ina nukta nyekundu nyingi zimepangwa kama mkono uliokunjwa kiwiko, na nukta nne zimejitenga pembeni, mbilimbili. Kiwiko chenyewe kinaangukia mbele ya zahanati. Aliona macho yangu, akaikunja haraka na kuisukuma ndani kabisa.

Sijui ni dhahabu iliyozama, sijui ni silaha wanakuja kuzika. Najua tu kwamba wana ramani ya mlangoni kwangu na hawataki niione. Usiku nimeburura kabati la dawa nikaziba mlango. Nina miaka thelathini na nne na nalala nyuma ya kabati.

Niambie nifanye nini. Wewe ndiye mwenye akili ya ramani.

Mdogo wako

*

Maabara, 23 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Hiyo boti tuiache kwanza, kuna kubwa zaidi.

Mama anaumwa. Imemwanzia ghafla na hali si nzuri. Anakuita wewe. Usisubiri ruhusa ya wilaya, nitakutetea mimi. Funga zahanati, panda chombo chochote kitakachotangulia kuondoka, na uende moja kwa moja kwa Mjomba. Usipitie kwangu. Usimweleze mtu yeyote wa huko kazi ninayofanya.

Fanya haraka. Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako

*

Maabara, 23 Machi

Kwa Mkuu wa Kikosi cha Doria ya Baharini

YAH: TAARIFA YA MAJANGILI WA NGUVA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepiga simu ofisini kwako mara mbili na kuelekezwa nilete taarifa kwa maandishi, nami naileta kwa mkono wangu.

Mimi ni mtafiti wa wanyama wa baharini. Mwezi uliopita nilichapisha ramani ya mahali wanapopatikana nguva. Kwa ajili ya usalama wao nilizisogeza nukta za ramani hiyo kuelekea kaskazini bila kutangaza. Nimegundua leo kwamba nukta hizo zimeangukia kwenye ghuba yenye zahanati ndogo, ghuba ambayo kwenye ramani yangu ya kazi ilikuwa rangi ya buluu tupu, sikuwahi kuivuta karibu kuitazama. Boti ya kijivu yenye watu wanne, jina limefunikwa na turubai, imekaa hapo wiki tatu ikitafuta, na mmoja wao ameonekana na ramani yangu. Umbo la nukta zile nalijua kama sura ya mtu wa nyumbani kwetu. Hakuna mwingine aliyelichora.

Watu hawa wakishatambua kwamba ghuba ni tupu watajua wamedanganywa, na nahofia hasira zao kwa wakazi. Naomba wakamatwe watakapotoka, wakiwa mbali na ufukwe, ili asiumie raia. Ndani ya boti hiyo hakuna mwenyeji hata mmoja.

Naomba pia jina langu lisitajwe popote.

Wako mtiifu,
Mtafiti

*

Zahanati, 30 Machi

Dada,

Boti ya mizigo imefika saa hii, barua yako nimeisoma nimesimama majini. Mama? Yule Mama aliyembeba Mjomba mgongoni siku ya mafuriko?

Boti ya mizigo haigeuzi, inaendelea na mzunguko wake wa visiwa, siku nne ndipo ifike mjini. Siwezi siku nne. Nimempa karani wake barua hii akuletee, mimi naondoka na wale wa boti ya kijivu. Usipige kelele. Sikiliza kwanza.

Nilikaa kwenye ngazi ya zahanati nikalia kama mtoto. Yule niliyemshona kiganja akaniona, akamwita mwanamke wa miwani. Akaja akakaa kwenye ngazi pembeni yangu, akanipa maji. Nikamwambia Mama yangu anakufa. Akasema, "Tunang'oa nanga jioni, tutakufikisha bara alfajiri." Bila kuuliza nauli. Na kwa kuwa nilikuwa sina tena nguvu ya kuogopa nikamuuliza usoni: nyinyi ni nani?

Dada, ni watu wako! Ni watafiti wa nguva, kutoka ng'ambo. Amesoma utafiti wako wote, ana kurasa zake zimejaa maandishi ya pembeni. Wamekuja kuthibitisha, ili wakasimame mbele ya kamati waseme huyu mwanamke anasema kweli. Turubai ni kwa sababu ya majangili. Kule walikotoka waliwahi kujitangaza, na majangili wakawafuata nyuma kila walipokwenda. Wakaapa tangu hapo hawamwambii mtu wanachotafuta. Walikuwa wananiogopa mimi! Yule wa kiganja alikuwa ananipima kama ni mpelelezi wa majangili. Droni waliileta juu yangu kwa kuwa walidhani mashuka ni ishara ya kuita boti nyingine. Tumecheka mpaka nikakumbuka Mama nikaona aibu.

Anasema alikuandikia mara mbili hukumjibu.

Lakini amevunjika moyo. Wiki zote hizi hawakuona nguva hata mmoja, hata jani moja lililotafunwa. Anasema akifika ataandika ukweli alioukuta, kwamba data haikubaliani na bahari. Nilitaka sana kumwambia ulichofanya. Ulimi ulikuwa kwenye meno. Nimeona ni siri yako, si yangu, utaisema mwenyewe. Iseme haraka, Dada. Mtafute. Ukiogopa, basi mwogope, lakini mjibu.

Mama akiniuliza uko wapi nitamwambia unakuja. Njoo.

Mdogo wako

*

Kikosi cha Doria ya Baharini, 1 Aprili

Kwa Mtafiti,

YAH: TAARIFA YA MAJANGILI WA NGUVA

Rejea barua yako ya tarehe 23 Machi.

Napenda kukujulisha kuwa operesheni imefanikiwa. Chombo kilichotajwa kilikutwa usiku wa tarehe 30 kikielekea bara. Kilikaidi amri ya kusimama na kuongeza mwendo, hivyo kikosi kililazimika kutumia nguvu. Watuhumiwa wote wamekamatwa. Mmoja wao amejeruhiwa kwa risasi, amelazwa chini ya ulinzi na hajaweza kuhojiwa. Wanadai kuwa ni wanasayansi, kama wanavyodai wote.

Tunakupongeza kwa uzalendo. Jina lako halikutajwa.

Mkuu wa Kikosi

*

Maabara, 2 Aprili

Kitindamimba wangu,

Yamekwisha! Wamekamatwa. Wote. Sijui barua hii itakukuta zahanati au kwa Mjomba, kwa hiyo nimeandika mbili zinazofanana na kuzituma kote.

Kwanza vuta pumzi: Mama haumwi. Hajawahi kuumwa. Nilikudanganya ili utoke hapo, kwa sababu ningekwambia ukweli ungeanza kunibishia na kukaa kulinda zahanati yako, nakujua kichwa chako. Nichukie wiki moja, mbili ukipenda. Wale watu walikuwa majangili, na kulikuwa na sababu ya wao kuja kwako ambayo nitakueleza tukiwa uso kwa uso. Siwezi kuiandika. Nina aibu nayo.

Wiki nzima nimeogopa kiasi kwamba nilikuwa nalala na viatu. Nikisikia simu moyo unaruka. Nikisikia kimya, ndiyo zaidi. Leo nimekula sahani nzima. Wanasema mmoja wao kajeruhiwa, na Mungu anisamehe, sikuhuzunika.

Ukipata barua hii nipigie. Ukishafika kwa Mjomba mtandao upo. Mbona hujanipigia?

Dada yako

*

Getini, Kikosi cha Doria, 4 Aprili

Mkuu,

Naandikia kwenye goti. Mlinzi wako amekataa kuniingiza na simu yako imezimwa. Nimemwomba akufikishie karatasi hii.

Boti ya mizigo imefika leo na barua ya mdogo wangu. Alikuwa ndani. Mdogo wangu alikuwa ndani ya boti ya kijivu, yeye ni muuguzi wa zahanati, mimi ndiye niliyemwambia apande chombo chochote. Nilikuandikia kuwa hakuna mwenyeji ndani. Hapakuwa na mwenyeji siku ile nilipoandika. Wale si majangili. Ni wanasayansi kweli, waachieni.

Aliyejeruhiwa ni nani? Niambie tu ni nani. Ni mwembamba, ana kovu dogo chini ya kidevu, alianguka na baiskeli yangu. Mhoji mlinzi wako, askari wako, mtu yeyote aliyemwona. Siondoki hapa mpaka nijibiwe.

Mtafiti

*

Kikosi cha Doria ya Baharini, 4 Aprili

Kwa Mtafiti,

Majeruhi ana kovu chini ya kidevu. Yuko hospitali ya mkoa, wodi ya upasuaji. Yuko hai kwa taarifa ya asubuhi.

Vibali vya wale wengine vinaendelea kuhakikiwa.

Mkuu wa Kikosi

*

Ukumbi wa wodi ya upasuaji, 7 Aprili

Mdogo wangu,

Niko nje ya mlango wako. Kuna dirisha dogo la kioo kilichopakwa rangi, na mahali rangi ilipobanduka naona mguu mmoja wa kitanda chako. Askari wa mlangoni amekataa niingie. Ila amekubali kupokea barua, na sista wa zamu ameniambia jana ulifumbua macho ukaomba maji, halafu ukamkosoa jinsi alivyofunga dripu. Nimelia mbele za watu. Ni wewe.

Sijui kama utaisoma hii au wataisoma kwanza wao. Wasome.

Ni mimi. Nukta ulizoziona mfukoni mwa yule mtu ni nguva wangu. Nilipowasogeza kaskazini sikujiuliza watatua wapi. Nilijali tu wanakotoka. Wakatua mlangoni kwako. Ulipoandika kuhusu mkono uliokunjwa kiwiko nilijua papo hapo, na badala ya kukwambia, nikakuulia Mama, ambaye hajawahi kuumwa. Siku hiyohiyo, kwa kalamu hiyohiyo, nikaapa kwa doria kwamba hakuna mwenyeji kwenye ile boti. Uongo mmoja ukakupandisha, mwingine ukakupiga risasi. Yote nilifanya kwa sababu naogopa, na nilijiona mwerevu.

Naogopa hata sasa. Daktari anasema mfupa wa paja, anasema damu nyingi, anasema tusubiri. Kila mlango ukifunguliwa nasimama.

Nimeshindwa kujua nani wa kuogopwa na nani wa kuaminiwa. Nilimfuta aliyetaka kunisaidia, na nikawaamini wenye bunduki kwa kuwa wana mhuri. Kwa hiyo sitaamua tena peke yangu. Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba za kweli za nguva wangu, wote kumi na mmoja, mama wawili na watoto wao mwishoni. Hakuna binadamu mwingine aliye nazo. Nasikia wale wenzako wameachiwa jana jioni. Wewe umekaa na yule mwanamke kwenye ngazi, umemtazama usoni, mimi sijamwona. Ukiona anafaa, mpe. Ukiona hafai, itafune karatasi, umeze. Unameza vidonge vingine vyote wewe.

Kuhusu mimi usijisumbue. Nitaendelea kukaa hapa kwenye benchi hata kama hutaki kuniona.

Dada yako

*

Kitanda cha nne, 15 Aprili

Dada,

Sista ananiandikia nusu, nusu naandika mwenyewe. Mguu upo. Daktari anasema nitatembea, ila kwa kuchechemea, na kukimbia nisahau. Sikuwa mkimbiaji.

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Siku tatu za kwanza baada ya barua yako nilikuwa sitaki hata kuona mwandiko wako. Nilimwambia askari aendelee kukuzuia, tangu hapo haikuwa amri ya mkuu wake. Nilikuwa nasikia sauti yako ukumbini ukiuliza "ameamka? amekula?" nikavuta shuka kichwani.

Nataka ujue ilivyokuwa. Ilitoka boti gizani nyuma yetu, bila taa, inakuja kwa kasi. Mwanamke wa miwani akasema ni majangili, ongeza moto. Nao waliokuwa nyuma wakasema hawa wanakimbia, ni majangili. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la kamera, nawaza nitamkuta Mama bado anapumua au la. Sikusikia mlio. Niliona tu suruali inalowa.

Yeye ndiye aliyenifunga. Alikata kamba ya kamera yake, mimi nikimwelekeza kwa mdomo: juu zaidi, kaza, zungusha kijiti, kaza tena hata nikipiga kelele. Nilipiga kelele. Alikaza. Askari walipopanda wakamwamuru anyooshe mikono juu, akakataa, akawaambia, "Nikiiachia huyu anakufa, nipigeni hivyohivyo." Kanishika hivyo mpaka bandarini, bunduki iko mgongoni kwake. Ningemwachia nani hizo namba kama si yeye?

Nimempa. Alizisoma mara mbili, akakaa kwenye kiti cha wageni, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Nilidhani atakutukana. Akasema, "Angeniandikia tu mstari mmoja kwamba amezisogeza, ningesubiri." Halafu akasema hata yeye alifunika jina la boti. Wameondoka juzi kwenda huko kwenye nguva wako, bila turubai. Jana ametuma salamu kupitia simu ya sista: wamewaona tisa, mmoja wao mtoto. Wanaendelea kuwatafuta waliobaki. Kamati inakaa baada ya wiki mbili na amesema atakuwa na wewe mezani, lakini kwanza utasimama useme kwa mdomo wako ulichofanya na ramani. La sivyo hatakuwepo. Amesema nikwambie pia kwamba anaogopa. Kamati ikishajua walipo nguva, majangili nao watajua.

Mimi bado nina hasira. Usidhani imeisha kwa sababu nimeandika kurasa mbili. Hasira yenyewe si ya mguu. Ni ya usiku ule kwenye sanduku, nilipokuwa namlilia Mama aliye hai.

Mama mwenyewe yuko hapa tangu jana. Hospitali ilimpigia Mjomba. Kapanda ngazi zote kwa miguu kwa sababu haamini lifti, kanikagua kidonda, kamkemea daktari. Sasa amekaa pembeni ya kitanda anamenya chungwa, na kila anayeingia anampa pole ya ugonjwa, kwa kuwa niliwaambia wodi nzima Mama yangu mahututi. Ananiuliza aliumwa nini.

Nimemwambia swali hilo ni lako. Askari hayupo mlangoni. Ingia umjibu.

Mdogo wako